Hesabu ya Kaa na Toka

Siku yangu ya kwanza kwenye kwari ya mawe kule Gatuanyaga sikuonyeshwa nyundo. Nilionyeshwa duara. Baruti moja ilikuwa imekataa kulipuka, na wanaume walikuwa wamesimama mviringo juu ya shimo, kofia mkononi, kimya kama watu wanaosubiri maiti ifike kaburini.

Nieleze kidogo, maana nyinyi vijana mmekuta mashine inakata jiwe kama mkate. Wakati wetu jiwe gumu lilipasuliwa kwa baruti. Tunatoboa matundu, tunashindilia, tunawasha utambi, tunakimbia. Matundu yakiwa sita na usikie milipuko mitano, basi moja imelala. Baruti iliyolala huachwa muda mrefu, halafu fundi mwenye cheti ndiye huiendea. Gitahi, mwenye kwari, hakuajiri fundi. Malori yakipanga foleni, mmoja wetu alishuka kuichomoa utambi kwa mkono.

Nani ashuke? Nyapara wetu, Kamande, alisema hataki kuitwa mtu wa upendeleo, kwa hivyo mchezo utaamua. Anamgusa mtu bega, huyo ndiye wa kwanza. Tunafumba macho, Kamande anaomba. Baada ya amina anazunguka kuelekea kulia: "Kaa. Toka. Kaa. Toka." Kila wa pili anatoka. Anazunguka tena na tena mpaka abaki mmoja, na huyo ndiye wa kushuka. Sauti yake iligonga ukuta wa shimo ikarudi imechelewa, hivi kwamba juu ukisikia "kaa", kule chini kitu kilikuwa kinasema "toka".

Mara ya kwanza alibaki Odhiambo, ambaye wiki hiyo alikuwa ameulizia glavu. Alirudi salama. Mara ya pili alibaki Kariuki, aliyekataa kazi ya Jumapili. Alirudi bila vidole viwili. Watu wakaanza kunong'ona kwamba shimo lina masikio, linawajua wenye mdomo. Hata mimi niliamini. Nikipita ukingoni nilikuwa nashusha sauti.

Mimi niliachia shule darasa la sita, lakini kitu kikinisumbua silali. Jumapili moja nikapanga punje kumi na mbili za mahindi mezani, kwa sababu tulikuwa watu kumi na wawili. Nikahesabu kaa, toka. Ikabaki ya tisa. Nikarudia. Ya tisa. Nikaanzia punje nyingine, ikabaki ya tisa kutoka hapo. Kumi na moja, inabaki ya saba. Kumi, ya tano. Tisa, ya tatu. Nane, anabaki yule yule wa kwanza. Nilizitazama zile punje mpaka nikaziogopa. Hazikuwa na bahati hata chembe. Kutoka nane mpaka kumi na tano kanuni ni moja: toa nane, kinachobaki zidisha mara mbili, ongeza moja.

Hapo nikamwelewa Kamande. Alikuwa anamtazama anayemtaka, anahesabu nafasi nane kurudi nyuma, anagusa bega la hapo. Halafu anamwomba Mungu.

Wiki iliyofuata nilimwendea mbele ya wenzangu. "Nyapara, tunaomba helmeti."

"Baba Wairimu," akasema, "hicho kichwa kina nini cha kufunikwa?"

Watu wakacheka. Mutua, rafiki yangu, alicheka kuliko wote. Nami nilijua ya kwamba nimeshajiandikisha.

Baruti ililala Alhamisi, mchana. Tukapanga duara. Kamande akanitazama kidogo tu, akagusa bega la mtu. Nikahesabu kwa macho kutoka pale. Mimi ni wa tisa. Mutua, kushoto kwangu, ni wa nane. Macho yakafumbwa, maombi yakaanza.

Nikamnong'oneza: "Mutua, tubadilishane, jua linanichoma macho."

Akafungua jicho moja. "Jua gani bana, na mawingu haya? Umeanza kuzeeka." Lakini akanipisha.

Amina. Kamande alipofumbua macho aliona. Akaanza kuhesabu kama kawaida. "Toka," akaniambia nilipofikiwa, raundi ya kwanza tu. Mwishowe alibaki Mutua. Alishuka akitania kwamba kuna mtu atamnunulia chai. Tukasikia mlipuko, ukafuata mwangwi. Halafu, baada ya kimya kirefu, ukaja mwangwi mwingine ambao mpaka leo sijui ulitoka wapi.

Jioni Kamande alinijia. "Ulisoma mpaka wapi?"

"La sita, nyapara."

"Inatosha. Sasa tunajua wawili."

Mwezi haukuisha akanipeleka kwari ya Ruiru kuwa msaidizi wake, na huko nikahesabu mimi. Niligusa bega nikiwa nimefumba macho ili nisichague. Lakini mkono ukishajua hesabu, kufumba macho hakusaidii. Hakuna aliyekufa nikihesabu, na sijisifu kwa hilo.

Vumbi la mawe lilinitoa kazini kabla ya hamsini. Sasa nakaa Mwihoko, napumua kwa kuomba. Binti yangu Wairimu aliniambia hesabu hiyo wanafundishwa chuoni, kama mchezo. Unaandika idadi ya watu kwa moja na sifuri, unatoa ile moja ya mbele unaiweka nyuma, unapata wa mwisho. Kumi na mbili ni 1100, inageuka 1001, ambayo ni tisa. Alikuwa anafurahi sana kunionyesha.

Kamande ndiye aliyepanga. Gitahi alijua akanyamaza, malori yake yapite. Mimi nilimhamisha Mutua. Majina ni hayo.

Ndunge, mjane wa Mutua, bado anafuga mbuzi Gatuanyaga. Miaka yote alikuwa akiniambia angalau mchezo ulikuwa wa haki, nami naitikia. Wiki jana nilienda nikamweleza kila kitu, mpaka lile jua la uongo. Nilijiandaa kwa matusi, au anikimbize kwa fimbo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kwa sauti ya chini:

"Na ungesema kwa nguvu, wote wasikie, nani angeshuka?"

Akaenda kufungulia mbuzi.