Mnara Uliobebeshwa Lawama

Kozi ya Ermes Gualandi ilikuwa ya miaka mitano. Yeye aliisoma kumi na minne. Ile tisa iliyozidi, hapa mtaani kwetu Pratello, mjini Bologna, hakuna aliyemlaumu nayo, kwa sababu mkosaji alijulikana, tena mrefu kuliko wote mjini: mnara wa Asinelli.

Habari ya mnara ule kila mtu anaijua. Mwanafunzi akiupanda kabla ya kuhitimu, hahitimu ng'o. Ndiyo maana wageni huupanda wakipiga picha, na wanafunzi wetu hupita chini yake kama watu wanaodaiwa. Sasa Ermes alipotimiza miaka saba, mama yake, Norma, alimpandisha ngazi zote mia nne tisini na nane kama zawadi ya siku ya kuzaliwa, na waliposhuka akamnunulia aiskrimu. Miaka mingi baadaye, mtihani wa mwisho ulipoanza kumgomea, wazee wa baa ya jirani walikaa kikao: je, mtoto wa darasa la kwanza ni mwanafunzi au si mwanafunzi? Walibishana wiki nzima. Wakaamua kuwa ni mwanafunzi. Norma aliupokea uamuzi huo kama hukumu ya mahakama.

Mimi ni fundi viatu, na duka langu linatazamana na mlango wao. Norma ni mjane. Anakanda unga wa mayai na kukunja tortellini, tambi ndogo zilizojazwa nyama, za kuuza tangu alfajiri, mpaka vidole vimempinda. Ni mwanamke wa maneno machache, na mlevi mmoja aliyemtukana dukani kwake bado anakumbuka uzito wa mti wake wa kusukumia unga. Lakini ukitaja mnara mbele yake, ananywea. Akienda sokoni huzunguka mitaa miwili ya ziada ili asiuone.

Kwetu mtu akishahitimu chuo, hata kama amesomea ufugaji wa nyuki, anaitwa daktari. Ermes tulianza kumwita daktari mwaka wa saba, kwa kejeli, naye akawa anaitika.

"Daktari, umeamkaje?"

"Kama ulivyolala wewe, fundi. Vibaya."

Hakuwa mjinga, hilo nalisema wazi. Alisomea historia, na masomo mengine yote alipata thelathini juu ya thelathini. Andiko lake la mwisho lilikuwa tayari, limefungwa kwa utepe kabatini. Kilichobaki ni mtihani mmoja tu, wa kusoma hati za kale. Alikuwa anaingia chumba cha mtihani, anatoka, anarudi nyumbani na uso wa msiba. "Vipi?" mama yake anauliza. "Haikuwezekana, mama," anajibu, anakwenda kulala. Norma hakuuliza zaidi. Mtu aliyemvunja mwenzake mguu hamwulizi kwa nini anachechemea.

Chuo kikampa nafasi ya kwenda kusoma mwaka mmoja Salamanca, Hispania, na hapo ndipo safari zilipoanza. Salamanca nao wana lao. Ukuta wa mbele wa chuo chao umechongwa madude chungu nzima, ngao, maua, mafuvu, na juu ya fuvu moja amekaa chura mdogo. Mwanafunzi akimwona mwenyewe bila kuonyeshwa, atafaulu. Norma aliposikia hivyo alifunga mizigo ya mwanawe kwa mikono miwili. Kama kuna ubaya, kuna dawa.

Ermes alisimama mbele ya ukuta ule siku tatu, shingo juu. Siku ya tatu akapita bibi mmoja wa Kiholanzi, mtalii, akanyoosha kidole: "Huyo hapo, kijana! Juu ya fuvu!" Dawa ikaharibika. Alipiga simu nyumbani jioni ile ile. "Mama, nimeonyeshwa." Norma alikuja kulilia dukani kwangu, juu ya buti za watu.

Ikatafutwa dawa nyingine. Alikwenda Pisa, ambako kuna mjusi wa shaba kwenye mlango wa kanisa kuu, na wanafunzi humgusa kabla ya mtihani. Ermes alimsugua mpaka mlinzi akamwuliza kama ameajiriwa kung'arisha. Alikwenda Praha, alikwenda Krakovia, na kila mji wa kale ulikuwa na jiwe la kugusa au daraja la kuvuka kwa mguu wa kulia. Wahenga walisema kutembea kwingi kuona mengi. Hawakusema ni kufaulu. Kila akirudi ananiletea viatu nibadilishe soli, anakaa kwenye kigoda na kunihadithia, na nakiri alisimulia vizuri sana.

Göttingen, Ujerumani, alivuka mpaka. Huko kuna sanamu ya msichana mchunga mabata bukini, na anayepata shahada ya juu kabisa hupanda pale akambusu. Ermes akaona asisubiri. Akapanda, akambusu. Watu wakapiga makofi, na mama mmoja mpita njia akamkabidhi shada la maua. Alilileta mpaka Bologna ndani ya treni.

"Mazuri," Norma alisema, akiyatia majini. "Umehitimu?"

"Bado, mama. Ila wamenipongeza."

Tulicheka mtaa mzima. Mimi nilicheka zaidi ya wote, na leo sioni fahari kwa hilo.

Mwaka wa kumi na nne, mwezi wa pili, Jumatatu moja, aliingia dukani kwangu Fulvia. Huyu alisoma darasa moja na Ermes, siku hizi ni mwalimu mkuu msaidizi huko Modena, na kisigino chake kilikuwa kimeng'oka kwenye mawe ya kiwanja. Norma alikuwepo, ameniletea bakuli la tortellini.

"Bi Norma! Hajambo Ermes? Bado hajakubali tu?"

"Kukubali nini, mwanangu?"

"Si alama anazopewa! Kwani hujui alivyo na maringo? Mara ya kwanza profesa alimpa ishirini na tatu, akakataa. Tulikuwa naye chumba cha mtihani. Halafu ishirini na tano, akakataa. Nasikia mwaka juzi kapewa ishirini na sita, akasema yeye si mtu wa ishirini na sita."

Kwetu mwanafunzi ana haki hiyo. Kumi na nane umeshafaulu, lakini kama alama haikupendezi unaikataa, unarudi siku nyingine. Watu huitumia mara moja, mara mbili. Sikujua kwamba mtu anaweza kuishi humo.

"Subiri," Norma alisema taratibu. "Unataka kuniambia amefaulu?"

"Mara sita, kama sikosei." Fulvia alinitazama, akamtazama Norma, akaanza kuokota kiatu chake. "Samahani. Nilidhani mnajua."

Norma hakupiga kelele. Aliketi kwenye kigoda cha Ermes, akaiangalia mikono yake yenye unga. Mchagua nazi hupata koroma, nilitaka kusema, lakini nilimwonea huruma. Kisha akauliza, "Fundi, mtihani unaofuata ni lini?"

"Alhamisi, alivyosema."

"Na kweli mtu yeyote anaruhusiwa kuingia kusikiliza?"

"Ndiyo sheria. Mtihani wa mdomo ni wa hadhara."

"Basi Alhamisi ufunge duka. Unishike mkono kwenye ngazi."

Alhamisi tuliketi benchi la nyuma, katikati ya vijana waliokuwa wakitafuna kucha. Norma alivaa koti lake la mazishi. Ermes, aliyeketi mbele kabisa, hakugeuka hata mara moja. Alikuwa na utulivu wa fundi mzoefu anayeanza kazi.

Profesa Tarozzi, mwanamke mwembamba mwenye miwani mbili, moja puani na nyingine kichwani, alimwita. "Gualandi. Karibu. Mimi na wewe sasa ni kama ndugu."

Akampa nakala ya hati ya kununua shamba, ya miaka mia saba iliyopita. Ermes akaisoma kama anasoma gazeti la asubuhi. Mwandishi wa kale alikuwa amefupisha maneno mengi, na Ermes akayafumbua karibu yote. Mawili tu yalimshinda. Hapo nilielewa kwamba kijana huyu alikuwa anajua kazi yake siku zote.

"Vizuri," Profesa alisema. "Ishirini na saba. Unakubali?"

Ermes akavuta pumzi, akaweka mkono kifuani. "Profesa, kwa heshima zote, nadhani nikirudi mwezi wa sita nitaweza..."

"Anakubali!"

Chumba kizima kiligeuka. Norma alikuwa amesimama, ameshika mkoba wake kwa mikono miwili. Ermes alikuwa mweupe kama unga.

"Samahani, bibi ni nani?" Profesa aliuliza.

"Mama yake. Mimi ndiye niliyempandisha mnara."

Vijana waliguna. Mmoja akashika mbao ya benchi kujikinga na nuksi.

"Pole sana, mama," Profesa alisema, na hakutania. "Lakini sheria inataka ajibu mwenyewe."

"Atajibu." Norma alishuka kati ya mabenchi mpaka akafika mbele ya mwanawe. Hakupaza sauti. "Ermes. Miaka tisa, kila Jumamosi, mimi nakwenda kwa padre kuungama kwamba niliharibu maisha yako. Padre wa kwanza alikufa, nikaanza upya na wa pili. Ulikuwa unajua?"

Ermes aliinamisha kichwa. Nilimwomba Mungu aseme hapana.

"Nilikuwa najua, mama."

"Kwa nini?"

"Nikihitimu nitakuwa nani?" alisema. "Sasa hivi mimi ni mtu anayesubiriwa."

Hakuna aliyecheka, hata mimi. Norma akaisogeza kalamu ya Profesa mpaka mbele ya mwanawe.

"Nakubali," Ermes alisema. Akatia sahihi huku analia kama mtoto, na Profesa akajifanya anatafuta miwani.

Nje, Ermes alitaka kumkumbatia mama yake. Mama alimzuia kwa kiganja kimoja, bila ukali.

"Nenda nyumbani, kuna mchuzi jikoni," alimwambia. "Mimi napitia kanisani."

"Kanisani tena, Bi Norma?" nilimwuliza alipogeuka. "Leo ni Alhamisi. Na huna tena la kuungama."

"Ninalo," alisema, akifunga vifungo vya koti. "Nimemchukia mwanangu tangu Jumatatu. Hii ya leo ni dhambi yangu kweli."