Vikombe Vyangu Vinatikisika

Mkwe wangu, mke wa mwanangu, ni fundi wa mapazia, na kwa kufoka hana mpinzani. Sisemi kwa ubaya. Kufoka ndiyo kazi yake ya pili, na watu hutoka mbali kuja kumsikiliza. Asubuhi utamkuta kwenye cherehani, miwani puani, pini mdomoni, anakunja pindo taratibu kama mtu asiye na haraka na dunia. Jumamosi mchana anajifungia stoo, nyuma ya nyumba, yeye na gitaa lake la besi, na mwanangu mwenye ngoma, na mwenzao mmoja. Hapo ndipo utajua kwamba yule mpole wa asubuhi alikuwa anapumzisha koo.

Bendi yao inaitwa Samahani Jirani. Jina limetoka kwangu, ingawa sikukusudia. Siku ya kwanza kuwasikia niliwatoa stoo wote watatu, nikawapeleka nyumba hadi nyumba mtaa mzima, wabishe hodi na kuomba radhi. Nilidhani wataona haya. Walirudi wanacheka mpaka wanashika mbavu, na jina wamelipata.

Muziki wenyewe unaitwa panki. Usiniulize mengi. Gitaa linakwaruzwa, ngoma zinapigwa kana kwamba zimekosa adabu, na wimbo unaisha hujapata hata pa kukaa. Mwanangu, ambaye siku nyingine ni fundi wa mafriji, aliniambia kwamba ukijua sana kupiga unauharibu. Nikamwambia basi asiwe na wasiwasi, hatauharibu.

Huyo mwenzao wa gitaa ni mwalimu wa hesabu. Ujanani nywele zake zilisimama wima hata tukamwita Fagio. Leo ni kipara kinachong'aa, na bado ni Fagio. Mkwe wangu naye, alipoletwa kwangu kama mchumba, aliongea kwa sauti ya chini mno hata nikamvuta mwanangu pembeni nikamuuliza kama huyu binti ana tatizo la kifua. Masikini mimi.

Sasa, hawa watu hawatungi nyimbo. Wanangoja mtu aje kulalamika. Ukibisha hodi stoo, mkwe wangu anakufungulia, anainamisha kichwa, ndiyo jirani, pole jirani, una haki jirani. Akishafunga mlango anachukua ile chaki yake ya kuchorea vitambaa, anaandika malalamiko yako nyuma ya mlango, neno kwa neno. Jumamosi inayofuata ni wimbo. Wamekuwa hivyo tangu mwanzo, zaidi ya miaka thelathini.

Majirani walilalamika mwaka wa kwanza, wakachoka, wengine wakahama. Mimi nihamie wapi? Chumba changu na stoo vinatenganishwa na ukuta mmoja tu. Walibandika trei za mayai, wakatundika mabaki ya mapazia, kelele zikapita vilevile. Kwa hiyo nyimbo karibu zote ni maneno yangu. "Zimeni Hicho Kitu" ni yangu. "Mtoto Amelala" ni yangu, na huyo mtoto, mjukuu wangu, alikuwa analala fofofo ngoma zikipigwa na kuamka analia zikinyamaza. Leo ni mtu mzima, anauza dawa kwenye duka lake mji mwingine, na akipiga simu Jumamosi ananiomba niweke simu karibu na ukuta.

Ila wimbo uliowapa umaarufu ni ule wa vikombe. Marehemu mume wangu aliniachia vikombe vya udongo mweupe vyenye maua ya bluu, vimepangwa kabatini. Siku moja, kwa mtikisiko wa ngoma, kimoja kilitembea chenyewe mpaka ukingoni, kikadondoka. Nilikwenda stoo na mkono wa kikombe, ndio uliobaki mzima, nimeuvaa kidoleni. Niliwaambia, "Vikombe vyangu vinatikisika, moyo wangu unatikisika, na nyinyi wala hamtikisiki."

Basi nikawa nimewapa wimbo. Tangu wimbo huo, watu huja kwenye maonyesho yao na vikombe kutoka nyumbani, vya bati, vya plastiki, na zamu ya wimbo ikifika wanaviinua juu kwa pamoja. Sokoni niliwahi kusimamishwa na jitu la miraba minne, limejichora shingo nzima, likaniinamia kwa heshima zote, "Shikamoo, Mama Vikombe." Nikaitikia, ningefanyaje. Lakini kwenye maonyesho yenyewe sikukanyaga. Nilisema siendi kulipa kiingilio nikasutwe kwa maneno yangu mwenyewe.

Kila mwaka, siku bendi ilipozaliwa, hupiga katika ukumbi wa chama cha mafundi, ule wenye paa la bati na viti vya mbao. Hawajawahi kukosa. Mwaka mmoja mkwe wangu alipiga na tumbo la miezi minane, besi imekaa upande kama beseni la nguo. Mwaka mwingine gari la mwanangu liliharibika, wakabeba ngoma kichwani. Mwaka huu, wiki chache kabla ya siku yenyewe, mkwe wangu aliamka akafungua kinywa kuniamkia, na hakikutoka kitu.

Daktari alikuta kinundu kwenye nyuzi za sauti. Akamwambia anyamaze kabisa mpaka atakapomruhusu, na asifoke tena, maana akifoka sauti inaweza kwenda moja kwa moja. Nyumbani akawa anatuandikia kwa chaki kwenye kipande cha kitambaa cheusi. Mama, chai? Mama, umekunywa dawa? Anaandika, anakung'uta, anaandika tena.

Fagio alikuja, wakakaa jikoni. Alisema kwa upole kwamba umri umekwenda, pengine hii ndiyo ishara. Wapige mara ya mwisho, aimbe yeye, kisha stoo ifungwe kwa amani. Mwanangu alitazama sakafu. Mkwe wangu aliiweka chaki mezani. Alinyanyuka akaenda kwenye chumba chake cha kushonea, nikasikia cherehani inakwenda mbio. Nilipochungulia, sindano ilikuwa inapanda na kushuka, na chini yake hapakuwa na kitambaa.

Kwa haki, ningechinja mbuzi. Si kimya ndicho nilichokuwa nakitafuta miaka yote? Jumamosi ikafika, nikajilaza baada ya chakula kama mtu aliyeshinda kesi. Usingizi haukuja. Vikombe vimetulia kabatini vinanitazama. Mwishowe niligonga ukuta kwa fimbo yangu nione kama kuna atakayejibu. Niliumia, nasema wazi. Niliumia kwa ajili ya yule binti, maana kumnyamazisha ni kama kumfungia nje ya nyumba yake mwenyewe.

Siku ya onyesho nikamwambia mwanangu naenda nao. Aliniuliza kama najisikia vibaya. Nikavaa gauni langu la heshima, nikafunga kikombe kimoja cha maua ndani ya kitambaa cha kichwa, nikakitia kwenye mkoba. Ilikuwa mchana kweupe, ukumbi umefurika, vijana kwa wenye mvi. Nikapewa kiti cha mbele kabisa.

Mkwe wangu alisimama na besi yake, skafu shingoni, midomo imefungwa. Fagio akaimba. Jamani, alikuwa anaimba kama mtu anayembembeleza mtoto anywe dawa. Watu walikuwa na adabu, maskini, wakapiga makofi ya kumwonea huruma. Kisha akatangaza wimbo wa vikombe, akasema ndio wa mwisho, na baada ya huo ni kwaheri. Mkwe wangu aliinamisha uso juu ya nyuzi. Fagio akaanza, vikombe vyangu vinatikisika, huku anatabasamu.

Anatabasamu. Sikupanga kitu, ila hapo nilishindwa. Nilijikuta kwenye ngazi, fimbo mkono mmoja, mkoba mkono mwingine. Mwanangu aliniona, macho yakamtoka, lakini mikono haikuacha ngoma. Nikamnyang'anya Fagio maiki.

"Hivyo sivyo, mwanangu," nikamwambia. "Mimi nilikuwa na hasira."

Nikawageukia watu, nikawaambia kama nilivyowaambia hawa siku ile mlangoni, na mkono wa kikombe kidoleni. Vikombe vyangu vinatikisika. Ukumbi ulilipuka. Moyo wangu unatikisika. Mwanangu akaziangukia ngoma, Fagio akalikumbuka gitaa lake, na vikombe vikapanda juu ukumbi mzima, vya bati, vya plastiki, na changu cha maua, maana nacho nilikuwa nimekitoa mkobani nikakiinua bila kujua. Na nyinyi wala hamtikisiki. Waongo wakubwa, walikuwa wanarukaruka kama maharage yanayochemka.

Wakataka mwingine. Mimi huwa sikosi la kusema. Nikawapa "Zimeni Hicho Kitu," nikawapa zote za nyuma ya mlango, na kijana mmoja aliyekuwa anavuta sigara pembeni nikampa wake papo hapo. Mkwe wangu alikuja akaegemea mgongo wake kwenye mgongo wangu. Nilihisi anatikisika. Alikuwa analia na kucheka kwa mpigo, bila sauti, na besi haikukosea hata mara moja. Hakuna aliyesema tena kwaheri, hata Fagio.

Sasa daktari amemruhusu kuongea taratibu. Kufoka amekatazwa, kwa hiyo kufoka ni kwangu. Jumamosi wananiwekea kiti stoo, chenye mto, na glasi ya maji ya uvuguvugu.

Juzi mlango uligongwa. Alikuwa mama mmoja aliyehamia nyumba ya pili, mwanamke mstaarabu, anaonekana hajalala. Nikafungua mimi.

"Mama," akaniambia, "kwa heshima zote, mtu wa umri wako na kelele zote hizi?"

Nikainamisha kichwa. Ndiyo, jirani. Una haki, jirani. Samahani. Nikafunga mlango polepole, na nilipogeuka, mkwe wangu alikuwa ameshashika chaki.