Siku Pakeji Zilipogombana Bandani Kwangu

Mimi shule niliiona kwa nje tu, nikipita na ng'ombe. Lakini kompyuta naijua, maana mpwa wangu aliwahi kuifungua kwenye banda langu la nyama choma hapa Nkende, Tarime, na siku hiyo nilisikia mambo ambayo profesa angeyasikia angezimia.

Huyo ni binti wa dada yangu. Alikuwa ametengeneza programu ya chama cha wafugaji: unaandika jina la ng'ombe, inakwambia ameogeshwa lini, amechanjwa lini. Mwenyekiti alikuwa anakuja mchana kuiona. Ikikubali, binti anaajiriwa hapahapa nyumbani. Ikigoma, anapanda basi kurudi Mwanza kuhangaika na kazi, na dada yangu analia mpaka Mto Mara unafurika.

Asubuhi akaiwasha. Ikagoma. Maandishi mekundu yakashuka kwenye kioo, ungedhani tumechinja mbuzi humo ndani.

"Mjomba, nimekwisha."

"Nani kakuroga?"

"Nimejiroga mwenyewe. Jana niliweka pakeji mpya za kazi nyingine, zimeharibu hii."

Nikamuuliza hizo pakeji ni kina nani. Akasema programu huandiki yote mwenyewe, unachukua vipande walivyoandika wengine, ndiyo pakeji. Na kila pakeji inategemea nyingine, na hiyo inategemea nyingine tena. Sasa moja inataka toleo la zamani la mwenzake, nyingine inataka toleo jipya, na yote mawili hayakai pamoja.

Nikapiga paja. "Mbona hiyo ni mahari! Dada kaolewa, kaka akaoa kwa ng'ombe hizohizo. Shemeji zake nao wakazichukua, wakaoa. Siku dada akirudi nyumbani, ng'ombe zinadaiwa, kila mtu anatoka jasho! Mwanamke kagombana na mumewe Nyangoto, ndoa inatikisika Mugumu!"

"Hivyohivyo, mjomba."

"Basi mfukuze huyo mkorofi mmoja."

Akacheka, akaitoa pakeji moja ili nione. Mekundu yakazidi.

"Umeona? Umeua ukoo mzima."

Nikarudi kugeuza nyama yangu.

Yule binti hakulia wala hakupiga meza. Mimi ningeshaitupa ile kompyuta Kenya. Yeye kidole kwenye kioo, taratibu, huyu anamtegemea nani, na huyo je, kama wazee wakitafuta undugu kabla ya posa. Halafu akajigonga kichwa.

"Nimeweka zote zizi moja, kama bomani kwa babu! Kila kazi ilitakiwa iwe na zizi lake."

Akajenga zizi jipya humohumo kwenye kompyuta, la programu ya wafugaji peke yake. Akaziita pakeji moja moja, kila moja kwa toleo linaloelewana na wenzake, akayafunga matoleo hayo yasibadilike mpaka yeye atake. Mimi macho kwake, nyama ikawa mkaa. Wateja wakatafuna hivyohivyo. Nani angelalamika mbele ya akili kama ile?

Mekundu yakaisha. Bado anajifuta jasho, mwenyekiti akaingia na fimbo yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Haya, nitafutie yule ng'ombe wangu anayeitwa Mweusi, anayepiga watu mateke."

Binti akaandika. Ng'ombe akatokea na chanjo zake zote. Mzee akasogea mpaka pua ikagusa kioo.

"Ni yeye! Umeyaandika yote haya wewe?"

"Hapana, baba. Vipande vingi wameandika watu wa mbali, siwajui."

"Wanakudai?"

"Hawanidai. Wametoa bure."

Mzee akanigeukia. "Mura, kijana wangu, wewe unamjua mtu wa hapa anayetoa hata mkia wa ng'ombe bure?"

"Labda awe amelewa."

Akacheka mpaka fimbo ikaanguka. Halafu akamwambia binti, "Jumatatu anza kazi. Na hao watu wako wa mbali, wakipita Tarime, waje kwangu wale nyama. Siyo ya huyu mjomba wako, hii imeungua."