Adui Aliyetembea Kama Simeoni

Watu wanasema Agripina alijitakia. Hao wanaosema hivyo waje wanitazame usoni, maana mimi Swaumu fundi cherehani, mama Saada, sijawahi kuwa na mdomo wa kufunga. Alijitakia nini? Alimtakia mtoto wake kitu kimoja tu, tena kidogo. Kaeni niwaambie, halafu mseme tena mbele yangu.

Agripina ni jirani yangu hapa Singida mjini, ukuta kwa ukuta. Kwao Mkalama. Anauza mafuta ya alizeti barabarani, ya chupa na ya madumu. Basi likipunguza mwendo tu, yeye huyo mbio, kanga kiunoni, chupa mbili kila mkono. Maneno hana. Ukimwibia atakuuliza ulikuwa na shida gani. Anayegomba kwa niaba yake ni mimi.

Mumewe, Simeoni, alikuwa anachora katuni. Anachora mwenyewe kwa kalamu, anatoa kopi, anabana kwa pini, anakwenda kuuza stendi na minadani. Watoto wa mji huu walizisoma mpaka zikachanika. Steringi aliitwa Jabali, kijana anayeruka juu ya mawe yetu haya makubwa kama mbuzi. Adui aliitwa Kiangazi, mtu wa koti refu anayeiba mvua na kuificha kwenye kibuyu. Na huyo Kiangazi, jamani, alikuwa Simeoni mtupu! Uso wake, koti lake la kijivu, kofia yake, hata ule mguu wa kushoto aliokuwa anauburuta tangu alipoanguka kutoka kwenye jiwe akichunga ng'ombe utotoni. Siku moja nikamuuliza, "Baba Raheli, umekosa sura nyingine ya mwizi?" Akacheka mpaka kofia ikadondoka. "Mama Saada, nikimchora jirani kuwa mwizi wa mvua, kesho tuko kwa mtendaji. Mimi mwenyewe sitajishtaki."

Asubuhi moja alipanda bodaboda kwenda mnadani Mtinko na furushi la katuni zake. Lori likawagonga njiani. Raheli, mtoto wao wa pekee, alikuwa bado ananyonya.

Sasa Raheli yuko darasa la pili. Picha ya baba yake anayo moja, ya kitambulisho, amekaza uso utadhani amekanyagwa kidole. Katuni zenyewe anazo, anazijua kwa moyo. Lakini picha haitembei. Kila mara alikuwa anauliza, "Mama, baba alikuwa anatembeaje?" Agripina anajaribu kumwonyesha pale uani, anaburuta mguu, anashusha bega, halafu anaacha. "Sivyo," anasema. "Siwezi kuupatia mwendo wake." Nikimsikia anasema hivyo roho inaniuma, nazidisha kukanyaga cherehani.

Ndipo akaja Fredrick, kijana wa hapa hapa mjini mwenye kamera. Alikulia kwenye katuni hizo, na alitaka kutengeneza filamu ya Jabali, kama zile za Wazungu za mashujaa wanaoruka na kubeba magari. Akatuamkia vizuri, shikamoo mama, shikamoo mama, tukaitikia. Kisha akatuonyesha kwenye simu huyo Kiangazi wake. Ana pembe! Macho mekundu, mkono wa chuma.

Agripina akamrudishia simu yake. "Kiangazi hana pembe," akasema.

"Tumemboresha, mama. Katuni ni katuni, filamu ni filamu. Siku hizi watu wanataka adui wa kutisha. Mzee wa koti atamtisha nani?"

Hapo nikashindwa kunyamaza. "Alikutisha wewe! Si ulikuwa unamkimbia Simeoni barabarani ukiwa na kamasi puani? Ulimwogopa kwa sababu unaweza kukutana naye sokoni ananunua nyanya. Pembe kila mtu anaziona kwa ng'ombe. Watoto waliomsoma Kiangazi wakiona hilo dude watakuuliza yuko wapi mwenyewe."

"Lakini mama, lazima nami niongeze changu."

"Ongeza kwingine," Agripina akasema. Sikuwahi kumsikia na sauti ile. "Kama si yeye, sitaki. Koti lake ninalo, nitawapa. Mwendo nitamfundisha huyo atakayeigiza. Ila awe yeye."

Fredrick akajikuna kichwa, akatazama chini, akakubali. Na mimi, mjinga mimi, nikafurahi nikidhani tumeshinda.

Wa kuigiza alikuwa Sixbert, muuza viatu vya mtumba, kijana mwembamba mwenye adabu. Koti nililipunguza mabegani kwa mkono wangu huu. Akawa anakuja uani wakati Raheli yuko shule, maana Agripina hakutaka mtoto aone nusu nusu. Alitaka amwone baba yake amekamilika. "Usichechemee," anamwambia Sixbert. "Haumwi huyo, ameshazoea. Bega kwanza, mguu baadaye. Ukisimama, sugua pua." Wiki nzima, wiki ya pili. Halafu asubuhi moja Agripina amejiinamia anamimina mafuta kwenye chupa, Sixbert akaingia na koti na kofia, akakatiza uani. Agripina akainua uso.

"Mbona umechelewa?" akasema.

Mafuta yakamwagika mpaka mlangoni. Akaingia jikoni, akajifungia. Nikamwambia Sixbert nenda nyumbani baba, umeshajua. Kijana wa watu alikuwa analia kuliko mimi.

Filamu ikaonyeshwa Jumapili mchana, kwenye ukumbi wa kukodi, mapazia yamefungwa, shuka jeupe ukutani. Raheli alivaa gauni lake la kanisani, kasukwa nywele, viti vya mbele kabisa. Jabali akaruka weee, watu wakashangilia. Kisha juu ya jiwe likaonekana koti. Likashuka polepole. Bega kwanza, mguu baadaye.

"Ndivyo hivyo?" Raheli akanong'ona.

"Ndivyo hivyo hivyo," mama yake akasema.

Mtoto akapiga magoti juu ya kiti. Alikuwa anacheka, anashika mdomo, anamvuta mama yake kanga. "Anasugua pua! Mama, anasugua pua!" Nyuma yetu watu wanapiga kelele, mwizi huyo, mwizi wa mvua, na mimi nawageukia nyamazeni huko! Lakini Raheli hakujali. Nilimtazama Agripina, na usoni mwake niliona raha ambayo sikuwa nimeiona tangu siku ya lile lori. Ningekufa saa ile ningesema nimeona.

Sasa sikilizeni. Kwenye katuni za Simeoni, Kiangazi hafi. Mvua inarudi, watu wanapanda mtama wao, na yeye anatoroka juu ya mawe akiburuta mguu, anaapa kurudi mwaka ujao. Kila katuni hivyo hivyo. Kwa hiyo Jabali alipoinua lile jiwe, mimi nilikaa tu, nikijua anatoroka. Agripina naye alikaa tu.

Jiwe likashuka. Ukumbi mzima ukasimama. Makofi, miluzi, watu wanakanyaga sakafu, wengine wanakumbatiana. Chini ya jiwe kipande cha koti kimejitokeza, lile koti nililolipunguza mabegani. Raheli alikuwa amesimama juu ya kiti. Hakuwa anatazama shuka tena. Amegeuka nyuma, anawatazama watu wanaopiga makofi, mmoja baada ya mwingine.

"Mama, wanafurahi nini?"

Nje nilimkamata Fredrick shati. "Umemuua mbele ya mwanawe!"

"Mama Saada, nimefuata kila kitu! Uso, koti, mguu, pua. Mwisho wa Kiangazi marehemu mwenyewe hakuuchora. Na adui lazima afe, watu wakitoka hajafa wananuna." Akalivuta shati lake mkononi mwangu. "Si mlisema awe yeye?"

Agripina akanishika mkono. "Mwache," akasema. "Sikumwambia asimuue."

Hilo ndilo linaloniua mimi mpaka leo.

Koti lilirudishwa. Jioni watoto wa mtaa wanacheza filamu ile kwenye mawe nyuma ya nyumba zetu, na kila mmoja anataka kuwa Jabali. Kiangazi hana mtu. Raheli ndiye anayejitolea, kila siku. Anavaa lile koti, linaburuta vumbi, na ule mwendo, Mungu wangu, ameupata. Kilichomshinda mama yake, kilichomchukua Sixbert wiki mbili, mtoto anakifanya tu. Wanamrushia boksi wakisema ni jiwe, anaanguka, wanapiga makofi, wanakimbilia kwao kula.

Nilimwambia Agripina, mkataze huyu mtoto. "Nikimkataza," akasema, "nani tena atatembea vile?"

Basi akirudi kutoka barabarani anapitia pale, anaweka madumu chini. "Raheli, inuka twende nyumbani."

"Ngoja kwanza, mama," mtoto anajibu bila kufumbua macho. "Bado nimekufa."

Na Agripina anasimama pale, anangoja.