Aliyeacha Kutajwa

Shule niliiacha kidato cha pili, na tangu hapo sikutulia mahali: Mombasa, Dubai, mwisho ghala la vifurushi huko Edmonton. Nikiwa na miaka arobaini na mbili nilijiandikisha mtihani wa Kilatini, ule wanaofanya vijana wanaotaka kwenda chuo kikuu. Nilitaka tu kujua Warumi waliandikiana nini.

Mwalimu wangu, bibi mstaafu, alinifundisha kila Jumamosi kwenye maktaba ya Walthamstow, mtaa wa jirani. Alisema barua za Warumi usisome yaliyoandikwa tu. Orodhesha pembeni watu wanaotajwa, kisha tazama nani ameacha kutajwa. Habari iko hapo.

Wiki moja kabla ya mtihani, nikiwa kwenye basi kwenda kazini, nilisikiliza ujumbe wa sauti wa dada yangu kutoka Morogoro. Watoto wazima, mvua imezidi, paa limezibwa. Sijui kwa nini nilirudi nyuma, ujumbe kwa ujumbe. Mwezi wa tatu mama alikuwa sokoni. Mwezi wa nne, kila mara amelala. Mwezi wa tano hayumo kabisa.

Nikashuka kituo kisicho changu, nikampigia.

"Mama anaumwa nini?"

"Nani kakwambia?"

"Wewe."

"Mimi? Sijasema kitu!"

"Ndiyo hivyo, dada."

Akalia. Ini, alisema, hospitali wamewaambia wamrudishe nyumbani. "Ni yeye aliyekataza usiambiwe. Kasema huyu hajawahi kumaliza kitu, mwacheni amalize hiki."

Sikumkasirikia. Kwetu aliye ugenini peke yake hapewi habari mbaya hivihivi, na mimi ningemficha vilevile.

Nilifika Morogoro siku ileile niliyotakiwa kuwa kwenye mtihani. Mama alikuwa amebaki macho tu.

"Umemaliza kweli, wewe mtoro?"

"Nimemaliza, mama."

"Umefaulu?"

"Majibu bado."

Akacheka kidogo, ikamuuma. "Haya, hao Warumi wako waliandikiana nini?"

Nikamsimulia barua ya mtu aliyekuwa mbali, akiulizia shamba lake, mizabibu, nani anaumwa. Alisikiliza amefumba macho, mkono wake juu ya wangu.

Dada alikuwa mlangoni na beseni la maji. Tarehe ya mtihani aliijua. Alinitazama kwa muda, kisha akainama, akaendelea kukamua kitambaa.