Kabla Vifuko Havijaingia Majini

Kuna siku moja, mwanangu, naikumbuka kila nikiona beseni la maji limekaa uani. Nilikuwa mwanafunzi wa chuo pale Nyegezi, nashinda kwenye kompyuta nikichunguza kimeng'enya cha nondo wa hariri. Mdudu huyu akikomaa ndani ya kifuko chake hutoa majimaji yenye kimeng'enya hicho, yanayolainisha gundi iliyoshikanisha nyuzi, kisha akajipenyeza nje.

Sikuichagua kazi ile kwa kupenda wadudu. Mama yangu mdogo, Kabula, alikuwa akifuga viwavi wa hariri Kisesa pamoja na wanawake wenzake. Gundi waliitoa kwa kuchemsha vifuko na sabuni na magadi, na mikono yake ilikuwa imebabuka hadi anakula ugali kwa kijiko. Iliniuma sana.

Kimeng'enya cha nondo hakiuzwi dukani. Nikatafuta kinachofanana nacho, nikakipata kwenye poda wanayotumia watengenezaji wa ngozi. Kwenye kompyuta nikaona kinaishika gundi barabara. Nikanunua poda, nikampelekea mama mdogo, nikamwambia Jumamosi waloweke mavuno yote ya msimu. Nilikuwa na haraka ya kushukuriwa, sikatai.

Jumamosi asubuhi nikamwonyesha picha ya jibu lile kwenye kompyuta Mwalimu Zarina, msimamizi wangu, mtoto wa wauza vitambaa wa mjini, mama asiyetabasamu ovyo. Nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kutoa macho kwenye picha.

"Gundi nimeiona," akasema. "Na uzi wenyewe je?"

Uzi sikuwa nimeujaribu.

"Nondo akishatoka, uzi hana kazi nao. Mama yako mdogo ndiye anayeuza uzi. Kaa hapo, ujaribu sasa hivi."

Nikakaa, nikauingiza uzi. Kompyuta ikachukua muda wake kama kitu kisicho na ndugu Kisesa. Jibu likatoka: kimeng'enya kile kiliushika uzi vilevile. Kingekata gundi, na hariri yenyewe kingeikata. Nikampigia mama mdogo simu, ikaita mpaka ikakatika. Nikapiga tena.

"Mfuate," Mwalimu akasema. "Na useme wewe, mbele ya wote. Ukimnong'oneza yeye tu, aibu yako ataibeba yeye."

Nikapanda bodaboda, njia nzima naona msimu mzima wa watu unayeyuka. Nikawakuta uani wamelizunguka beseni, poda imeshakorogwa. Vikapu vilikuwa bado vimefungwa. Kikundi chao kilikuwa na desturi: vifuko vya wote vikishachanganywa, hakuna anayefungua kikapu mpaka kila mwenye chake awepo. Mwenzao mmoja alikuwa kliniki na mtoto, na walikuwa wameanza kumnung'unikia.

Nikasimama mbele yao, nikasema poda ile itaharibu uzi, na kwamba niliwapa kabla ya kuhakikisha. Mama mdogo akaitazama mikono yake, akainuka, akamwaga beseni.

"Haya, tuwashe moto," akasema. Kisha akanigeukia. "Na wewe njoo ukoroge."

Mwenzao alipotoka kliniki vikapu vikafunguliwa, nikakoroga mimi siku ile, magadi yakinirukia mikononi, na sikuthubutu kulalamika.

Mwanangu, kompyuta hujibu ulichoiuliza tu. Ukipata jibu linalokufurahisha, usikimbilie kuwapelekea watu. Uliza kwanza lile swali linaloweza kulivunja, hasa kama watu hao unawapenda, maana wao watakuamini bila kukuhoji. Na ukigundua umewapoteza, usitume ujumbe. Nenda mwenyewe, usimame mbele yao, ukaseme.

Mungu akubariki, akupe kazi ya kuipumzisha mikono ya wengine. Na siku utakayokuwa na haraka kuliko uhakika, akujalie mtu mmoja wa kukuchelewesha.