Hema Juu ya Kaburi la Rebeka

Jua limeshachomoza na upepo wa Sepuka hauna utani. Obadia Sungi ameinama, anamwagilia miche ya mshubiri kwa kopo, kidogo kidogo, maana mimea hii ya nchi kame ukiizidishia maji inaoza. Upande wa chini wa bustani, ndani ya duara la minyaa, ule mti wa utomvu unaopandwa kuwa ua, anasikia watoto wanacheka.

Anaacha kopo. Anashuka haraka, nusura akimbie.

Ndani ya duara limesimama hema la bluu. Abdulmajidi Salehe, muuza vipuri wa Singida mjini, amekuja na mkewe Hajira na watoto wao wawili kulala wikiendi katika bustani hii, wayaone madungusi na waridi la jangwani. Walifika jana jioni, Obadia ameshatoka kazini.

"Shikamoo mzee!" anasema Abdulmajidi, chai mkononi. "Mbuzi wako wakirudi waambie zizi limeshapangishwa."

Watoto wanaangua kicheko. Obadia hata ile shikamoo haiitikii.

"Kuna ubaya, baba?" anauliza Hajira.

"Hapa hajawahi kulala mbuzi, mwanangu. Hapa kalala mke wangu."



Kosa lenyewe si la mtu wa mbali. Abdulmajidi kakulia huku huku, na mtu wa huku akiona duara la minyaa limebaki peke yake porini anajua hayo ni mahame, zizi la zamani. Upepo haukupigi, udongo wa samadi ni laini, vigingi vinaingia bila nyundo. Mchungaji yeyote wa Ikungi angelala hapo hapo. Ila minyaa hii aliipanda Obadia mwenyewe, ng'ombe wasije wakamkanyaga Rebeka.

Hajira anavua viatu, anawashika watoto mikono, anawatoa nje. Abdulmajidi anapiga magoti, anang'oa vigingi kwa mikono yake, kimoja kimoja, kisha anashindilia udongo kwenye kila tundu kwa kiganja.

"Tusamehe, mzee wangu. Kaburi halina hata jiwe. Tungejuaje?"

"Nyie hamna kosa," anasema Obadia. "Wanaojua wapo ofisini, ofisi ya bustani hii."

Rebeka alifariki miaka sita iliyopita, msimu wa kupalilia uwele, mimba ikiwa kubwa. Damu ilianza kutoka asubuhi. Zahanati walikompeleka walisema apelekwe mbele, hospitali.

"Gari la wagonjwa lilikuwepo, limeegeshwa kivulini. Dereva naye yupo, anatuangalia," anasimulia Obadia. "Mafuta ndiyo hayakuwepo. Wiki ile ile gari hilo lilikuwa limewazungusha wakubwa kwenye ziara yao. Nikafunga ng'ombe kwenye mkokoteni. Hatukufika."

Anaokota kigingi kimoja, anampa Abdulmajidi.

"Aliniambia, 'Baba Pendo, usiwachape hao ng'ombe, wanajitahidi.' Hayo ndiyo maneno ya mwisho."

Hakuna aliyeulizwa kuhusu mafuta yale. Huulizwa mkulima akichelewa mchango wa kijiji. Mwenye kiti chake haulizwi kitu, na aliyefiwa anaambiwa ni mapenzi ya Mungu. Lakini Mungu si yeye aliyekuwa na ufunguo wa gari.

Alimzika nyumbani, kama desturi. Ardhi ile baadaye ikaingizwa kwenye bustani. Familia ikahamia nje ya uzio, na Obadia akapewa kazi ya kutunza mimea pamoja na ahadi kwamba kaburi litajengewa na kuheshimiwa.

Kabla ya uzinduzi alitumwa Ikungi kufuata miche. Aliporudi, msalaba ulikuwa umetupwa stoo nyuma ya matoroli. Mawe aliyoyapanga juu ya mkewe yalikuwa yamepakwa chokaa na kupangwa kandokando ya njia ya wageni, ile iendayo chooni.

"Msimamizi akaniambia, 'Obadia, mgeni halipi kiingilio aje aone makaburi.' Nikamwambia, bosi, hilo si makaburi, ni moja. Akacheka. Akaniambia nitakuja kuzoea."

Je, alizoea?

"Kila siku naifagia ile njia. Jiwe ninalofagia pembeni yake nililibeba mimi siku ya mazishi. Unazoeaje?"

Mwezi ujao ofisi inataka kuikata minyaa yote na kusawazisha eneo liwe la mahema. Jirani yake Yasinta, anayepika chakula cha wageni, alisikia mpango huo kabla yake.

"Nilimwambia shemeji, wewe ni mpole kupita kiasi, hawa watakulimia hadi kitanda chako," anasema Yasinta, ndoo ya maji kichwani. "Akaniitikia 'mh' tu. Hiyo 'mh' yake ndiyo inayoniudhi!"

Asubuhi hii Obadia haitikii "mh". Anachukua toroli, anaelekea njiani, analing'oa jiwe la kwanza. Abdulmajidi anamfuata bila kuombwa, anashika upande wa pili wa toroli.

"Mzee, kesho Jumatatu nabaki," anasema. "Nitakwenda na wewe ofisini. Niliyelala juu ya kaburi ni mimi, nitawaeleza mwenyewe."

"Watakuandalia soda," anasema Obadia. "Mimi wataniandalia barua."

Hata hivyo anaendelea kung'oa. Anataka wakubwa wakiingia kesho wakute kaburi limerudi kuwa kaburi, mawe juu na msalaba kichwani. Wakitaka kusawazisha, wasawazishe mbele ya macho yake.

Na wakimfukuza?

Obadia ananyoosha mgongo, anafuta jasho kwa mkono uliojaa chokaa.

"Basi nitakuja kama wageni wengine. Nitakata tiketi pale getini, niingie kumsalimia mke wangu. Tuone kama watazikataa hela zangu."